Mshahara Sawa, Ushauri Sawa, Milo Tofauti: Uchambuzi wa Kisa Kuhusu Elimu na Ubora wa Mlo

Kisa hiki kinatoka kwenye kliniki ya wafanyakazi wa taasisi moja kubwa. Wahusika wawili wameridhia kisimuliwe. Majina, umri, jinsia, mahali na aina ya taasisi vimeondolewa. Nitawaita kwa kazi tu, Mhasibu na Fundi, na hata kazi zenyewe nimezibadilisha kidogo. Nimekichagua kwa sababu kinatenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida huja vimeshikana: elimu na kipato. Tukisema msomi anakula vizuri zaidi, mara nyingi tunamaanisha pia kwamba ana fedha zaidi, na hapo mjadala huishia. Hapa fedha zililingana.

## Usuli

Wote wawili waligunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu katika uchunguzi uleule wa wafanyakazi. Wote walikuwa watu wa makamo wenye familia, na hakuna aliyevuta sigara. Mhasibu alikuwa na shahada ya chuo kikuu lakini miaka michache kazini. Fundi aliishia shule ya msingi, ila alikuwa mkongwe kazini na alifanya saa nyingi za ziada. Mwisho wa mwezi, walichopeleka nyumbani hakikutofautiana sana.

Jambo jingine muhimu ni kwamba milo yao ilianza ikiwa karibu sawa, na yote miwili ilikuwa mibaya. Mboga zilikuwa za kuonja tu, matunda ya nadra, nafaka zilizokobolewa karibu kila mlo, kinywaji chenye sukari kila siku na chumvi nyingi, hasa kutoka vyakula vilivyosindikwa na vile vya kantini. Kwa hiyo swali la kisa hiki si kwa nini msomi alikuwa anakula vizuri, maana hakuwa. Swali ni kwa nini mlo wa mmoja ulibadilika na wa mwingine ukabaki pale pale.

Tofauti ya namna hiyo imeonekana kwa mapana zaidi. Tathmini ya kimataifa iliyohusisha nchi 185, kati ya 1990 na 2018, ilionyesha kwamba watu wenye elimu ya juu zaidi huwa na mlo bora kidogo kuliko wenye elimu ndogo. Hilo halishangazi mtu. Kinachonishughulisha mimi ni mwendo wa pengo lenyewe. Nchini Marekani, ubora wa mlo wa watu wazima ulipimwa kwa kipimo chenye kilele cha alama 110. Wastani ulipanda kutoka 39.9 mwaka 1999–2000 hadi 46.8 mwaka 2009–2010. Habari njema, kwa wastani. Lakini katika kipindi hichohicho pengo kati ya watu wa hali ya juu na wa hali ya chini, kwa kuhesabu elimu na kipato pamoja, lilipanuka kutoka alama 3.9 hadi 7.8. Maendeleo yalikuwepo, ila hayakugawanyika sawa. Kliniki yetu ilishuhudia jambo hilohilo kwa watu wawili.

## Jinsi mlo ulivyopimwa

Muuguzi aliwauliza kila mmoja asimulie vyote alivyokula na kunywa katika saa 24 zilizopita, kwa siku tatu zisizofuatana, mojawapo ikiwa siku ya mapumziko. Njia hii ni nzuri lakini ina udhaifu: mtu anayejua mlo mzuri ni upi anajua pia jibu linalompendeza muuliza swali. Kwa sababu hiyo kliniki iliomba pia mkojo wa saa 24. Sehemu kubwa ya sodiamu tunayokula (madini yaliyomo kwenye chumvi), takriban asilimia 90, hutoka kwa njia ya mkojo, na chupa ya mkojo haina haya wala haitafuti sifa. Kama isingekuwa chupa hiyo, kisa hiki kingesomeka vingine kabisa.

## Miezi sita ya kwanza

Walipewa ushauri uleule, na muuguzi yuleyule, kwa muda uleule. Malengo yalifuata mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani: mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, chumvi chini ya gramu 5, na sukari ya kuongezwa chini ya asilimia 10 ya nishati yote. Walipewa kipeperushi, wakafundishwa kusoma lebo za vyakula, wakaambiwa warudi baada ya miezi mitatu.

Waliporudi, kwa maneno wote walikuwa wameboresha mlo. Mkojo ulisema vingine: sodiamu ya Mhasibu ilikuwa imeshuka wazi, ya Fundi haikuwa imesogea. Miezi sita ilipotimia Mhasibu alikuwa bado anaendelea kuboresha mlo wake. Mboga zilikuwa zimeingia katika milo miwili kwa siku na kinywaji cha sukari kilibaki cha wikendi. Fundi alikuwa amerudi alikoanzia, na safari hii alikiri mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye faili lake kulikuwa na maneno matatu: "Hana utayari kubadilika."

Hapo ndipo nilipoombwa kupitia mafaili yote mawili kama mshauri wa lishe. Maneno hayo matatu yaliniuma, kwa sababu yalikuwa yamefunga shauri kabla halijasikilizwa. Mtu asiye na utayari hakusanyi mkojo wa siku nzima mara tatu, akiubeba kwenye begi la kazini.

## Mazungumzo yaliyofungua kisa

Nilianza na Fundi. Nilimwomba anieleze kipeperushi kinasema nini, na alikieleza chote, bila kukosea hata lengo moja. Kwa hiyo alikuwa anajua. Nikamwomba anisimulie siku yake ya kazi kuanzia anapoamka, na vikwazo vikaanza kujitokeza kimoja kimoja.

Kwanza lebo. Kwenye pakiti moja aliyoitoa begini iliandikwa kwamba sehemu moja ya mlo ina miligramu 600 za sodiamu. Chini kidogo, kwa herufi ndogo, ilisema pakiti ina sehemu tatu. Ili lebo hiyo imsaidie, msomaji anatakiwa kuzidisha 600 kwa 3 apate 1,800, kisha azidishe kwa 2.5 ili sodiamu iwe chumvi, apate miligramu 4,500, halafu ageuze hizo kuwa gramu 4.5, na mwisho akumbuke kwamba kikomo cha siku nzima ni gramu 5. Fundi alisoma "600", akaona ni ndogo kuliko namba nyingine zilizoandikwa pale, akala pakiti nzima kwa moyo mweupe. Alikuwa ametii ushauri kadiri alivyouelewa.

Pili, muda. Mapumziko ya karakana ni mafupi na yamepangwa na msimamizi. Mtu akifika kantini akakuta foleni, anachukua kilicho karibu na mlango, na kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa cha kukaanga na chupa za soda. Ofisini kwa Mhasibu mtu hutoka kula anapomaliza alichokuwa anafanya.

Tatu, Fundi hakuwa anapika. Mwenziwe nyumbani ndiye aliyepika, na mwenzi huyo hakuwahi kuitwa kliniki wala kuambiwa lolote. Kipeperushi kilikuwa kimefika mezani kwa anayekula na kumpita kabisa anayeshika mwiko. Fundi alijaribu kumweleza, likazuka neno: kwani chakula changu kimeanza lini kuwa kibaya? Akanyamaza, ili nyumba ibaki na amani.

Nne, na hili ndilo lililonigusa zaidi, alikuwa na maswali tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza, alijibu: "Daktari, niliona foleni nje ni ndefu. Na muuguzi alieleza vizuri, mimi ndiye niliyechelewa kushika."

Kisha nikaongea na Mhasibu. Nilitarajia kusikia habari za kujua zaidi. Nilichosikia kilikuwa ni mipango. Alipiga simu kliniki kuuliza kuhusu lebo siku iliyofuata ushauri, akajibiwa. Alimwomba mpishi wa kantini amwekee mchuzi pembeni, naye mpishi akakubali bila kusita. Aliomba kuhamisha kikao cha asubuhi ili apate muda wa kuandaa chakula cha kubeba. Wenzake ofisini, wengi wao wakijadili mambo ya afya kila siku, walianza kuchangia kapu la matunda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye kipeperushi. Aliyabuni mwenyewe, na kila mlango aliobisha ulifunguliwa.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudia somo. Wapo kwenye timu waliotaka Fundi apewe kipindi kingine, polepole zaidi, kwa picha. Nilipinga. Somo alikuwa nalo. Kumfundisha tena kungemthibitishia alichokuwa anakiamini tayari, kwamba tatizo ni kichwa chake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa hesabu kabisa. Badala ya lebo, tulimpa orodha fupi ya vyakula vya pakiti alivyovitumia kweli, tukiwa tumevikagua sisi, kila kimoja na alama ya kuendelea nacho au kukiacha. Wazo si letu. Chile, tangu 2016, imelazimisha alama nyeusi za pembe nane mbele ya vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta yaliyoshiba au nishati kupita kiasi, na Ufaransa ilianza 2017 kutumia herufi na rangi mbele ya pakiti kwa hiari ya watengenezaji. Mantiki ni moja: hesabu ifanywe na mwenye uwezo wa kuifanya, mnunuzi apewe jibu.

Tatu, mwenzi aliitwa kliniki kama mgeni wa heshima, akaombwa atueleze anavyopika kabla sisi hatujasema neno. Mengi aliyokuwa akiyafanya yalikuwa mazuri, na tulimwambia hivyo. Marekebisho mawili tu yalihitajika: kiungo kimoja cha unga chenye chumvi nyingi, na kiasi cha mboga. Mwishoni tulimwomba arudie kwa maneno yake tulichokubaliana. Hatukuwa tunampa mtihani. Tulitaka kujua kama sisi tumeeleweka.

Nne ni kantini, na hapa ndipo tulipotumia nguvu nyingi. Taasisi ilikubali chumvi ipunguzwe kidogo kidogo kwenye mapishi yote, mboga ziwekwe kwenye kila sahani bila kuombwa (asiyetaka aseme), maji yakae mbele na soda zirudi nyuma. Kupunguza polepole kulikuwa na sababu: ulimi huzoea ladha ya chumvi kidogo baada ya wiki kadhaa, mradi isishushwe kwa ghafla. Uingereza ilifanya hivyo kitaifa kwa kuwawekea watengenezaji wa vyakula malengo, na wastani wa chumvi kwa mtu ukashuka kutoka gramu 9.5 kwa siku mwaka 2000–2001 hadi gramu 8.1 mwaka 2011.

Mzabuni wa kantini aliogopa wateja wangelalamika, akaomba mabadiliko yasitangazwe. Mjumbe mmoja wa timu alisimama kidete: watu wana haki ya kujua wanachopikiwa. Nilikubaliana naye. Mwafaka ulikuwa kwamba wawakilishi wa wafanyakazi waelezwe kila kitu na wawe huru kuwaambia wenzao, ila pasibandikwe mabango. Malalamiko yaliyofuata yalihusu soda kuhamishwa. Chumvi haikutajwa.

Tulikataa mambo mawili. Programu ya simu ya kurekodi mlo ilipendekezwa na idara moja. Tuliikataa kwa kuwa ingewafaa zaidi wale ambao tayari walikuwa wanafanikiwa. Zawadi kwa atakayeboresha mlo zaidi tulizikataa pia: Mhasibu angeshinda, na Fundi angeaibishwa mara ya pili, safari hii hadharani.

## Matokeo

Nusu mwaka baada ya hapo sodiamu ya Fundi ilikuwa imeshuka kwa kiasi kilichokaribia cha Mhasibu. Mboga zilikuwepo kila siku ya zamu ya mchana na siku nyingi nyumbani. Kinywaji cha sukari kilipungua bila kuisha. Matunda hayakuongezeka sana, na hatukufanya lolote la maana kuyaongeza. Shinikizo lake la damu lilishuka, lakini dozi ya dawa nayo ilikuwa imerekebishwa katikati, hivyo hatukuandika kwamba mlo ndio ulioleta ushindi huo.

Mhasibu alibaki karibu pale pale. Hakuwa na mengi ya kupata kutoka kantini, kwa kuwa alikuwa ameshajitengenezea kantini yake ndani ya begi.

Orodha ya vyakula ilitupa taabu. Ndani ya miezi michache bidhaa mbili zilibadilishwa na watengenezaji wake na alama zetu zikawa hazifai tena. Orodha ya aina hii inahitaji mtu wa kuipitia mara kwa mara, na kliniki haikuwa imempanga mtu huyo.

## Uchambuzi

Jambo kuu ninalolitoa kwenye kisa hiki ni hili: elimu haikumlisha Mhasibu kwa njia ya maarifa. Siku ya kwanza, baada ya ushauri, maarifa yao yalilingana. Elimu ilimlisha kwa njia ya mambo yanayoandamana nayo. Ilimpa kazi ambayo ratiba yake inaweza kusogezwa. Ilimpa wepesi wa namba. Ilimpa wenzake wanaozungumza lugha ya kliniki. Na ilimpa uzoefu wa muda mrefu kwamba ukiuliza, unajibiwa. Fundi alikuwa na uzoefu wa kinyume, na aliufuata kwa busara ileile.

Ndiyo maana ushauri sawa ulizaa matokeo yasiyo sawa. Ushauri ni malighafi, na unahitaji muda, uhuru na ujasiri ili ugeuke kuwa sahani ya chakula. Ukiugawa sawa kwa watu ambao hawana vitu hivyo kwa usawa, unawaongezea walionavyo. Mapitio ya tafiti nyingi za kuboresha ulaji, yaliyochapishwa 2015, yalifikia mahali hapohapo: hatua zinazomtegemea mtu mmoja mmoja, hasa ushauri wa lishe, huelekea kuwafaa zaidi walio juu, ilhali hatua za bei huelekea kuwafaa zaidi walio chini. Daktari Mwingereza Julian Tudor Hart alikuwa ameshaandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kinyume na mahitaji ya watu. Kliniki yetu haikumnyima Fundi huduma. Ilimpa ileile ya Mhasibu, na kwake hiyo ilikuwa pungufu.

Nirudi kidogo kwenye takwimu za Marekani, kwa sababu zina fundisho ambalo watu hulipita. Zaidi ya nusu ya ule upandaji kutoka 39.9 hadi 46.8 ilitokana na kupungua kwa mafuta ya trans (mafuta yenye madhara kwa moyo, mengi yakiwa ya mimea yaliyogandishwa kiwandani). Mafuta hayo hayakupungua kwa sababu kila mlaji alijifunza kemia. Yalipungua kwa sehemu kubwa kwa sababu lebo zililazimishwa kuyataja tangu 2006 na viwanda vikabadilisha mapishi. Denmark ilikuwa imetangulia kuyawekea kikomo kisheria mwaka 2003. Mlaji asiyejua hata jina lake alinufaika alipoendelea kula alichozoea. Chumvi ya kantini yetu ilifanya kazi kwa njia hiyohiyo: haikuuliza cheti cha mtu yeyote.

Je, basi ushauri hauna maana? Hapana, na nisingependa msomaji atoke na wazo hilo. Mwaka 1997 jaribio maarufu la mlo wenye mboga, matunda na maziwa yenye mafuta kidogo lilishusha shinikizo la systoli (namba ya juu kwenye kipimo) kwa takriban milimita 11 za zebaki kwa wenye shinikizo la juu la damu, ukilinganisha na mlo wa kawaida. Lakini washiriki walipewa chakula chenyewe, kimeshapikwa na kupimwa. Kwa maneno mengine, tunajua mlo huo unafanya kazi ukifika mdomoni. Kazi iliyobaki ni kuufikisha, na sehemu ya kuufikisha ni mazungumzo ya kibinadamu kama yale ya mwenzi wa Fundi. Bila yeye, tungebadilisha mlo wa mchana tu.

Lile neno la faili nalo linastahili kutazamwa. Hatua ya kumwandikia mtu "hana utayari" ni rahisi kwa sababu inamaliza kazi ya mwandishi. Tuliomba kliniki ibadilishe fomu: mahali pa utayari pakawekwa maswali ya nani anapika nyumbani, mapumziko ni ya muda gani, mtu anakula wapi akiwa zamu, na pakiti gani anazitumia. Kujibu ni kwa dakika chache. Muuguzi aliyeandika neno lile ndiye aliyeipenda fomu mpya kuliko wote, maana sasa alikuwa na la kufanya baada ya jibu.

Kilichoshindikana ni zamu ya usiku. Kantini hufungwa jioni, kwa hiyo yote tuliyoyajenga hufungwa nayo. Rekodi za Fundi zilionyesha wiki za usiku zikirudi kwenye vyakula vya pakiti na soda, kisha wiki za mchana zikitulia tena. Wanaofanya zamu za usiku katika taasisi ile karibu wote ni watu wa elimu ndogo, hivyo pengo tulilolipunguza mchana linaendelea kukua usiku. Pendekezo tuliloliacha mezani kwa uongozi ni kwamba jiko lilelile lipike na kuhifadhi chakula cha zamu hiyo kabla halijafungwa, kwa mapishi yaleyale yenye chumvi iliyopunguzwa, na kwamba kipimo cha mkojo kinachofuata kichukuliwe katika wiki ya usiku.